Benchi la Akina Atuganile

Tegeni masikio, enyi watu wa Bwana. Aliye na mtoto amtulize, aliye na simu aizime, na ninyi mliosimama mlangoni kama watu wenye safari, ingieni mketi, maana neno la leo halitaki msikilizaji aliyegeuza mgongo. Meza imekwisha kuandaliwa mbele yenu. Mkate umefunikwa kwa kitambaa cheupe, na kikombe kimejaa. Kabla sijakifunua kitambaa hicho nina mfano wa kuwapa. Usikilizeni mpaka mwisho, ndipo kila mtu ajiulize kama bado ana njaa ya kuja hapa.

Palikuwa na usharika mmoja wa milimani, nchi ya migomba na viazi, ambako asubuhi ya mwezi wa sita mtu hutoka nje akaiona pumzi yake mwenyewe. Katika usharika huo alikuwamo mkunga, jina lake Atuganile. Kwa lugha ya kwao jina hilo husema kwamba Mungu ametupenda. Ukunga hakuusomea chuoni. Alifundishwa na shangazi yake, na shangazi alifundishwa na mama yake. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya mto, na masika mto ule haukuwa ukivukika. Basi watoto wa upande huu wa mto waliingia duniani kupitia mikono ya Atuganile.

Watu wa pale walikuwa na desturi mbili, na mfano huu wote umesimama juu ya desturi hizo.

Ya kwanza ni hii. Mwanamke akiokoka katika uzazi mgumu, ule ambao majirani wamekwisha kuanza kunong'ona uani, mtoto akiwa wa kike hupewa jina la mkunga. Debe moja la viazi, na jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani. Kwa hiyo akina Atuganile wakajaa vijijini. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akiita jina hilo wanasimama watoto sita, hata akalazimika kuwatenganisha kwa alama zao: Atuganile mwenye kiraka, Atuganile mwenye pengo, Atuganile mwenye kamasi. Watoto wakacheka, na wenye jina nao wakacheka. Hakuna kati yao aliyeona haya kwa kuitwa kama mwenzake.

Ya pili ni desturi nzito. Uchungu ukizidi na mtoto akakataa kuja, mwanamke huambiwa aseme lililomo moyoni. Kama ana siri, aitoe. Kama mtoto si wa mume wake, amtaje mwenyewe. Watu wa pale waliamini kwamba siri hufunga mlango wa mtoto. Mimi sisemi kwamba waliamini sawasawa. Nasema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu hiyo Atuganile aliyasikia katika chumba kile chenye moshi mambo ambayo mchungaji hakuyasikia hata siku moja. Alisikia majina ya walimu wa dini. Alisikia majina ya waimba kwaya. Akatoka nje, akanawa mikono, akawaambia waliokuwa wakingoja, "Ni mtoto wa kike, mzima, mshukuruni Mungu." Hakusema zaidi ya hilo.

Sasa ilitokea kwamba binti mmoja wa kwaya, mwenye umri wa miaka kumi na saba, hajaolewa, alishikwa na uchungu. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, jua likiwa utosini, binti akaanza kutaja jina. Kila uchungu ulipompanda alilitaja: Anangisye. Anangisye. Na Anangisye huyo, ndugu zangu, alikuwa ndiye katibu wa baraza la wazee wa kanisa, kijana msomi mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa amefunga ndoa mwaka uleule mbele ya madhabahu, na mkewe mpya akiwa amekaa kiti cha mbele kila Jumapili. Mtoto akazaliwa. Alikuwa wa kike. Akaitwa Atuganile.

Baraza la wazee lilikuwa na sheria yake. Mkunga Mkristo akimzalisha binti asiyeolewa, sharti alete barazani jina la binti na jina la mwanamume, ili wote wawili wapewe adhabu ya kanisa. Jina la binti halikuhitaji kuletwa. Tumbo lake lilikwisha kulitangaza, na alikwisha kutengwa kabla hajajifungua. Lilibaki jina la mwanamume. Wakamwita Atuganile. Akaenda na kanga zake mbili, akasimama mbele ya meza, kwa maana hawakumpa kiti.

"Mama," akasema mwenyekiti, "tuambie jina ulilolisikia."

"Wazee wangu," akajibu, "mwanamke akiwa katika uchungu haongei na mimi. Anaongea na Mungu. Mimi nimekaa karibu tu."

"Huo ni ujanja!" akasema mzee mwingine. "Unaficha dhambi ndani ya nyumba ya Bwana!"

Katibu alikuwa ameinamia daftari lake. Jasho lilikuwa likimtoka, na siku hiyo ilikuwa ya baridi. Atuganile akamtazama. Akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kudondosha chungu, akingoja aone kama atakishika. Katibu hakuinua macho. Lakini mdomo aliufungua, na alichosema ni hiki: "Mimi napendekeza atengwe. Mpaka siku atakapoungama mbele ya usharika wote, na kulitaja jina."

"Andika, mwanangu," Atuganile akamwambia. "Una mwandiko mzuri."

Akaandika.

Enyi mnaonisikia, hebu tulieni hapo kidogo. Ni nani aliyekuwa akificha dhambi katika chumba kile? Ni yule aliyefunga mdomo, au ni yule aliyeshika kalamu?

Miaka arobaini na minne! Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, na Atuganile hajala Chakula cha Bwana. Kulikuwa na benchi nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa kuwekea mafagio na ndoo, na hilo ndilo lililokuwa benchi la waliotengwa. Wengine walikaa hapo miezi sita, wakaungama, wakarudishwa kundini kwa vigelegele. Yeye akabaki. Jumatatu waligonga mlango wake wakitetemeka: "Mama, njoo, mke wangu hali yake mbaya." Jumapili walipita mbele ya benchi lile wakiutazama ukuta. Na sikieni jambo la kutia uchungu: kitambaa cha Meza ya Bwana alikifua yeye. Walimletea Ijumaa, wakakichukua Jumamosi kikiwa kimenyooka na kinanukia jua. Mikono yake ilifaa kukitakasa kitambaa. Haikufaa kuupokea mkate unaowekwa juu ya kitambaa hicho!

Wakati huo akina Atuganile walikuwa wakikua. Yule mwenye pengo akawa mkimbiaji wa mbio ndefu, akailetea nchi medali shingoni. Yule mwenye kamasi akawa daktari bingwa wa macho. Vipofu waliongozwa kwake kwa mkono, wakarudi wakitembea wenyewe. Mmoja akawa mtafiti wa mbegu, akapata kiazi kisichooza kwa ukungu wa masika, na leo hii nusu ya mashamba ya milima ile yamepandwa kiazi chake. Na yule binti aliyezaliwa na mwimba kwaya, mtoto ambaye daftari la ubatizo liliachwa tupu penye jina la baba, yeye akawa jaji wa Mahakama Kuu.

Usharika ulipotimiza miaka mia moja, kamati ya vijana ikakaa kuandaa sherehe, ikagundua jambo hili. "Wanawake wanne mashuhuri," wakasema, "wote wametoka hapa, na wote jina lao ni moja. Huu ni muujiza!" Wakachapisha vitenge vyenye jina hilo kwa herufi kubwa. Wakatunga wimbo. Wakapanga viti vinne vya mapambo mbele, na juu ya kila kiti kadi ya Atuganile. Hakuna kijana hata mmoja aliyeuliza jina lile lilitoka wapi. Wazee walijua. Wazee wote walijua, na walikaa katika kikao kile, wakanywa chai ya kamati, wakanyamaza.

Muujiza gani, watu wa Mungu? Ilikuwa ni mikono ya mwanamke mmoja, naye alikuwa hai, na nyumba yake ilionekana kutoka mlangoni pa kanisa!

Wakati huo Bibi Atuganile alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Wakaja binti zake wa kuzaa kumchukua akapumzike mjini, akakataa. Alikuwa na jambo moja tu lililobaki. Alitaka kula Chakula cha Bwana mara moja kabla hajafa. Mchungaji alikuwa mgeni pale, kijana mwenye moyo mwema na mgongo mwepesi wa kuinama. Alimtembelea, akamwambia, "Bibi, njoo siku ya sherehe. Nitasema na wazee." Kwa ajili ya neno hilo yule bibi alianika kanga yake nzuri siku tatu mfululizo, harufu ya sandukuni iondoke.

Siku ikafika. Akaja mapema, akaketi kwenye benchi lake. Jirani yake, mwanamke mcheshi anayeitwa Mama Lugano, akapita akiwa amejifunga kitenge cha sherehe, akainama kumsalimu.

"Shikamoo, mgeni rasmi!"

"Marahaba. Mgeni rasmi wa mafagio."

"Ah, usijidharau. Mtu gani leo ana jina kama lako? Tazama," akageuka kumwonyesha nyuma ya kitenge chake, "kila mtu kanisani humu amelikalia."

Bibi akacheka mpaka kifua kikamkaba.

Kisha akaja binti mmoja wa kamati, mwenye beji na haraka nyingi. "Shikamoo, bibi. Samahani, hapa tunaweka spika. Tunaomba utoke ukakae chini ya turubai."

"Spika?"

"Ndiyo, bibi. Ni ya leo tu."

"Mwanangu," akasema yule bibi, bila ukali, "hapa ndipo nilipofukuziwa. Sasa mnanifukuza hata mahali nilipofukuziwa?"

Binti hakuelewa, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Akaona haya tu, akaondoka. Spika wakaiweka pembeni ya bibi, nusu ya mkono kutoka sikio lake, na muda wote wa ibada ile alisikia jina lake likipigwa kelele katika sikio la kulia.

Ni nani aliyekuwa akilipiga kelele? Ni Mzee Anangisye. Katibu yule sasa alikuwa mwenyekiti wa wazee, mwenye mvi nzuri na suti ya rangi ya majivu. Akasimama mbele, akalisifu jina. "Bwana Yesu asifiwe! Jina hili, Atuganile, ni utukufu wa usharika wetu. Mabinti hawa ni matunda ya malezi yetu. Sisi wazee tuliwalea katika njia iliyonyooka!" Watu wakapiga makofi. Akamvisha jaji shada la maua shingoni, na mikono yake, alipomgusa mabega, haikutetemeka hata kidogo. Bibi aliyaona hayo yote kutoka nyuma, juu ya vichwa vya watu. Je, moyo wake haukuchemka? Ulichemka. Lakini alikuwa ameuzoea moto ule, kama mpishi anavyozoea moshi.

Ukafika wakati wa Meza. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mzee anayeshika kikombe ndiye hunywa wa kwanza. Asipokunywa yeye, hakuna anywaye. Kikombe alikishika Mzee Anangisye. Mchungaji akatazama nyuma, penye benchi lile, kisha akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kidogo, hivi. Na mchungaji, Bwana amrehemu, akainamisha macho. Akasema, "Tunawakaribisha kwanza wageni wetu."

Wale wanne wakasimama. Wakafika mbele. Hapo jaji akasita, akageuka, akalitazama kanisa lote taratibu kama azoeavyo kutazama chumba cha mahakama.

"Mchungaji," akasema, "nisamehe. Mama yangu alinizaa hapa bila ndoa, na kabla hajafariki aliniagiza jambo moja. Alisema, ukirudi kwetu, mtafute mwenye jina, uubusu mkono wake. Yuko wapi mwenye jina?"

Kisha Mama Lugano, kutoka katikati ya wanawake, akapaza sauti bila kuombwa: "Yuko nyuma na mafagio!"

Watu wakageuka. Daktari wa macho akamwona kwanza. "Kwa nini amekaa kule?" akauliza.

"Ametengwa," akajibu Mzee Anangisye. "Ni mambo ya zamani, daktari. Ni utaratibu wa kanisa."

"Kwa kosa gani?"

Akajibu mzee mmoja kijana, jina lake Ambilikile, mtu wa bidii asiyejua kitu, aliyeyasoma madaftari ya zamani kama mtu anavyosoma sheria. "Kwa kunyamaza," akasema. "Alimficha mwanamume mzinzi. Anatakiwa kumtaja tu, arudi kundini."

Jaji akalivua shada la maua, akaliweka juu ya kiti chenye kadi ya jina lake. Akatembea katikati ya kanisa hadi nyuma, akaubusu mkono wa yule bibi, akaketi kando yake kwenye benchi la waliotengwa. Daktari akamfuata. Mkimbiaji akamfuata, na yule mtafiti wa viazi, mwanamke mnene aliyevaa viatu vya shamba hata siku ya sherehe, akaisukuma spika kwa goti apate nafasi. Akina Atuganile watano, kwenye benchi moja la mbao, na mafagio nyuma yao.

Ambilikile akaona heshima ya sherehe inaanguka, akaona tena njia rahisi ya kuiokoa. Akapaza sauti, "Bibi, basi sema! Sema leo, mbele ya wote! Taja jina moja tu, uje ule. Sisi tunakupenda, tunakungoja!"

Watu wa Mungu, nisikilizeni kwa makini. Katika kanisa zima wanaume wakaanza kuinamisha vichwa. Mmoja hapa. Watatu pale. Mzee mwenye fimbo upande wa kaskazini. Mwalimu wa kwaya. Maana kila mmoja alikumbuka chumba chenye moshi, na msichana fulani, na hakujua ni jina gani bibi atalitaja, jina lake au la mwenzake. Yeye Bibi Atuganile alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa benchi. Chakula kile alichokitamani miaka arobaini na minne kilikuwa hatua thelathini mbele yake. Neno moja tu lilikuwa kati yake na mkate. Akalitembeza jicho lake juu ya vichwa vile vilivyoinama, kimoja kimoja, na hakukuwa na chuki katika jicho hilo. Likafika mbele. Likatua juu ya mwenye kikombe.

Kwa mara ya pili katika maisha yake alimngoja.

Vidole vya Mzee Anangisye vilikuwa vimebadilika rangi. Midomo yake ikafunguka. Wote wakaona midomo ikifunguka. Kisha ikafungwa.

Hapo yule bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayewakaribisha wageni nyumbani kwake: "Nimekaa na njaa ya meza hii muda wote huu ili ninyi mpate kula. Kuleni."

Akaketi.

Mnadhani alifanya nini yule mzee? Mnadhani alikiweka kikombe chini? Mnadhani alizirarua nguo zake, akalia, akasema, Bwana, mimi ndiye? Laiti ningewaambia hivyo! Ningeimaliza habari hii kwa furaha, mngeimba, mngekwenda nyumbani.

Alikunywa.

Aliinua kikombe, akanywa, akajifuta midomo kwa kile kitambaa cheupe. Na kwa kuwa wa kwanza amekunywa, wote wakaja, mstari kwa mstari, wakala, wakanywa. Kwaya ikaanza wimbo wa Meza. Kule nyuma yule bibi akaufuata kwa sauti ya pili, polepole, kwa pumzi iliyobaki. Jaji, ambaye kazi yake ni kuzitazama nyuso za watu wanapoulizwa, alikuwa ameiona midomo ile ikifunguka na kufungwa. Akaviona na vile vidole. Akamwinamia bibi, akanong'ona, "Bibi, ni yeye?"

Na bibi akampapasa mkono, akamwambia, "Imba, mwanangu."

Ndugu zangu, mfano umekwisha. Hasira yangu haijaisha.

Tunaambiwa katika Maandiko kwamba mtu anaweza kula na kunywa hukumu yake mwenyewe kutoka katika meza hii hii. Tulidhani maneno hayo yanamhusu mlevi, au mwizi, au yule jirani tusiyempenda. Tazameni ni nani aliyeinywa hukumu siku ile! Ni mwenyekiti wa wazee, mwenye suti safi na mwandiko mzuri. Na nyuma yake walikunywa waadilifu wote waliojua na wakanyamaza, kwa sababu kunyamaza kwao hakukuwagharimu chochote. Yule bibi alinyamaza, na ukimya wake ukawa kifuniko juu ya aibu ya wengine. Wao walinyamaza, na ukimya wao ukawa jiwe juu ya mgongo wake. Nani kati yenu atathubutu kuniambia kwamba ukimya ni mmoja?

Walikuwapo wanawake kadhaa wenye jina moja waliomfuata Bwana. Mmoja alimzaa. Mmoja aliketi miguuni pake asikie neno. Mmoja alisimama bustanini asubuhi na mapema, akilia, hata akamdhania kuwa mtunza bustani. Wanadamu huwachanganya mpaka leo. Yeye hakuwachanganya kamwe. Alimwita yule wa bustanini kwa jina lake, na ingawa jina lilikuwa la wengi, yule mwanamke alijua kwamba ni yeye anayeitwa. Hivyo ndivyo Mchungaji Mwema ajuavyo jina. Sisi je? Sisi tunalijua jina la Atuganile likiwa limefungwa kwenye medali. Tunalijua likiwa na cheo mbele yake. Tunalichapa kwenye kitenge, tunalikalia! Lakini mwanamke aliyelibeba jina hilo ndani ya moshi, akalitoa kwa watoto wa watu kama mtu agawaye mkate, huyo tunampa ndoo na fagio.

Nami nitawaambia Bwana alikuwa wapi siku ile ya sherehe. Mezani hakuwapo. Kwenye kiti cha mbele hakuwapo. Kulikuwa na benchi moja la mbao lenye wanawake watano, na mkimbiaji alipotaka kusogea, aliona limejaa, ingawa wao walikuwa watano tu.

Sasa nageuka kwenu, maana sisi si bora kuliko watu wa milima ile. Wewe mzee unayenitazama bila kupepesa, una jina gani lililofichwa kwa gharama ya mwanamke? Wewe mwanamume mwenye ndoa yenye heshima, ni nani anayelala bila heshima ili yako isimame? Wewe mama, ulimpa mkunga wako nini zaidi ya kumsahau? Nanyi vijana wa kamati zetu, wenye beji na haraka nyingi, mmewahi kuuliza jambo lolote lilitoka wapi? Siwalaani. Mimi mwenyewe nimewahi kuinamisha macho mzee alipotikisa kichwa, na ninaungama hilo hapa mbele yenu. Mlango wa rehema haujafungwa. Yule mzee alikuwa na kikombe mkononi kwa kitambo kirefu, na kitambo hicho chote kilikuwa rehema. Alingojwa. Nawe leo unangojwa.

Kitazameni kitambaa hiki kilichofunika mkate wetu. Ni cheupe. Kimenyooka. Kinanukia jua. Nawauliza swali moja, na sitaki kelele, nataka ukweli: ni nani kati yenu anayemjua aliyekifua?

Basi sitakifunua bado. Simama, wewe unayejua. Tubu kwa miguu yako, si kwa machozi tu. Toka kwenye kiti chako, pita katikati ya watu wakikuona, nenda kule nyuma penye mafagio, umshike mkono, uliseme jina lako mwenyewe kwa mdomo wako mwenyewe, umlete. Sisi tutangoja. Nenda sasa.